Mchukuzi na Mwenye Mzigo Wagombanapo

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii imetumiwa mno hata ikachakaa, na wapo walimu wa insha wanaomkata alama mwanafunzi aanzaye utungo wake kwayo. Leo nawaomba radhi walimu hao, maana sijapata nyingine ielezayo vyema zaidi kadhia ya vituo vya runinga na makampuni yanayovibeba hadi sebuleni mwetu. Tofauti ni moja tu: katika ugomvi huu, nyasi hutozwa kiingilio kwanza, kisha ndipo zikanyagwe.

Kilichonikumbusha jambo hili ni swali la mwanafunzi. Ada ya king'amuzi cha chumba chetu cha walimu ilikuwa imekwisha bila sisi kujua. Saa moja jioni tulipowasha runinga ili tupate taarifa ya habari, kila chaneli, hata zile za humu nchini ambazo tangu zianzishwe hujitangaza kuwa ni za bure, ilituonyesha maandishi yaleyale ya kututaka tulipe. Kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa ameleta madaftari alisimama mlangoni, akatazama, kisha akauliza kwa adabu: "Mwalimu, ikiwa kituo ni cha bure, mbona kimefungwa kwa sababu hatujalipa?" Walimu wenzangu walicheka. Mimi nilikosa jibu la mkato, na tangu siku hiyo swali hilo halijanitoka.

Ili tulijibu, hatuna budi kuanza na jinsi picha inavyosafiri. Katika enzi ya analojia, kituo cha runinga kilikuwa tajiri na hamali kwa wakati mmoja. Kilitengeneza vipindi vyake, kikavirusha kwa mtambo wake, katika masafa kiliyopewa leseni. Mtazamaji alihitaji runinga na antena juu ya paa, basi. Mfumo wa dijitali uliuvunja umoja huo. Masafa yaliyokuwa yakibeba chaneli moja sasa huweza kubeba kumi au zaidi, kwa hiyo si lazima tena kila kituo kiwe na masafa yake peke yake. Anahitajika mchukuzi mmoja anayekusanya mizigo ya wengi, akaifunga pamoja na kuirusha. Hapo ndipo kazi ya kutengeneza vipindi ilipotengana na kazi ya kuvisambaza, na hapo ndipo ugomvi ulipopata mwanya. Nani amlipe nani?

Mchukuzi husema: "Nimenunua mitambo, nimesimamisha milingoti, nimeufikisha mzigo wako kwa watu ambao wewe usingewafikia. Wenye bidhaa wanakulipa kutangaza kwako kwa sababu ya mgongo wangu. Nilipe." Mwenye mzigo naye hujibu: "Hakuna anunuaye king'amuzi ili akitazame king'amuzi chenyewe. Watu wanakifuata kwa sababu ya vipindi vyangu. Wewe ndiwe wa kunilipa mimi." Ajabu ni kwamba wote wawili wasema kweli. Mahali ambapo pande zote mbili zina ukweli, sheria ndiyo hutakiwa kuamua, na mahali ambapo sheria ina ukungu, mwenye nguvu ndiye huamua.

Hapa Kenya tuliuonja ugomvi huu kwa namna isiyosahaulika. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2006, mataifa mengi, Kenya ikiwamo, yaliafikiana kuachana na analojia kufikia tarehe 17 Juni 2015. Ili kujitayarisha, serikali ilitoa leseni mbili za kusambaza mawimbi ya dijitali. Ya kwanza ilikwenda kwa Signet, tawi la Shirika la Utangazaji la Kenya. Ya pili, baada ya zabuni, ilitolewa mwaka 2011 kwa Pan African Network Group, kampuni ya wawekezaji wa Kichina. Muungano wa Nation Media Group na Royal Media Services, ambao ulikuwa umeomba leseni hiyohiyo, ulikosa. Basi vituo vilivyokuwa vimezoea kujibebea mizigo yao kwa miaka mingi vikaambiwa vishushe mizigo hiyo mabegani na kumkabidhi mgeni.

Jambo la pili lililoongeza chumvi kwenye kidonda lilihusu makampuni ya runinga ya kulipia, yaani StarTimes na GOtv. Haya yaliziweka chaneli za bure za humu nchini ndani ya ving'amuzi vyao pamoja na zile za kulipiwa. Nation, Standard na Royal zilienda mahakamani zikidai kwamba jasho lao lilikuwa likiuzwa bila idhini yao wala malipo. Hoja yao haikuwa ya mzaha, kwani Katiba ya 2010, katika kifungu cha 40, inaiamuru serikali ilinde haki miliki za watu wa Kenya. Upande wa pili ulijibu kwa kanuni za utangazaji za mwaka 2009, ambazo ziliipa Tume ya Mawasiliano uwezo wa kumlazimisha mwenye leseni kubeba idadi fulani ya chaneli za Kikenya. Kwa lugha ya wanasheria, hiyo ndiyo kanuni ya kubeba kwa lazima.

Mwanafunzi anayetaka kuona jinsi sheria isivyo hesabu ya kujumlisha na kutoa aisome kesi hii. Tarehe 23 Desemba 2013, Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu alilitupilia mbali ombi la vituo. Tarehe 28 Machi 2014, Mahakama ya Rufaa iliupindua uamuzi huo, ikavipa vituo ushindi, na kusema kuwa kuvibeba bila ridhaa yao kulikiuka haki zao. Tarehe 29 Septemba 2014, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga ikaitengua hukumu hiyo nayo. Iliamua kwamba kubeba kituo cha bure kwa nguvu ya kanuni ile si wizi wa haki miliki bali ni utumizi unaokubalika kisheria, na kwamba vituo vyenyewe hunufaika kwa kuwafikia watazamaji wengi zaidi. Papo hapo iliagiza kwamba maombi ya watangazaji wa humu nchini ya kupata leseni yao ya usambazaji yashughulikiwe, na wahusika washauriane katika muda wa siku 90 kuhusu ratiba mpya ya kuhama. Hoja zilezile zilipita katika ngazi tatu za mahakama, na kila ngazi ilipindua jibu la iliyotangulia.

Ungedhani kwamba baada ya neno la mahakama ya mwisho ugomvi ungekoma. Haukukoma. Vituo vilisema mitambo na ving'amuzi vyao havikuwa tayari, vikaomba muda. Vilitoa hata matangazo ya kuwaonya watazamaji kuhusu ving'amuzi vya wapinzani wao. Mamlaka ya Mawasiliano, jina jipya la ile Tume, ilishikilia kwamba muda umekwisha. Tarehe 14 Februari 2015, mitambo ya analojia ilizimwa. Nayo makampuni matatu, badala ya kukubali kubebwa na wale waliowaita wezi, yaliamua kunyamaza kabisa. NTV, QTV, KTN na Citizen zikawa giza. Zilirejea tarehe 4 Machi 2015 kwa mtambo wao wenyewe, baada ya zaidi ya wiki mbili za kimya.

Tuyatafakari majuma hayo mawili na ushei. Baba aliyekuwa amenunua king'amuzi kwa shilingi elfu kadhaa alikuta kimekuwa kopo tupu, kwa maana vituo alivyovinunulia havikuwamo. Aliyesubiri king'amuzi cha vituo vyenyewe hakukiona dukani. Asiyekuwa na uwezo wa kununua chochote alibaki na runinga ya analojia isiyopokea kitu. Watu hawa watatu hawakuwa na kiti katika mazungumzo. Ilhali ukiyasoma maneno ya kila upande wa siku zile, utayakuta majina yao kila mahali: serikali ilifanya iliyoyafanya "kwa ajili ya mtazamaji", vituo vilinyamaza "kwa ajili ya mtazamaji", na makampuni ya ving'amuzi yaliuza "kwa ajili ya mtazamaji". Sijapata kuona mtu apendwaye na wengi kiasi hicho akalala njaa.

Lipo jambo jingine ambalo sisi tunaoandika magazetini hatupendi kulisema, nami nalisema. Makampuni yaliyokuwa na vituo vile ndiyo yaliyokuwa na magazeti makubwa na redio zenye wasikilizaji wengi. Wenye kesi ndio waliokuwa wakiwaandikia Wakenya habari za kesi. Simtuhumu mwandishi yeyote kwa uongo. Nasema tu kwamba mwananchi aliyetaka kuelewa kisa hicho alilazimika kukisoma katika barua ya mmoja wa mahasimu. Mwalimu anayefundisha ufahamu anajua uzito wa swali hili: msimulizi ni nani, naye ana faida gani katika masimulizi yake?

Wako watakaoniuliza: je, ungetaka vituo vibebwe bure milele, huku makampuni ya kulipia yakivuna? La. Kipindi hakimei kama uyoga. Nyuma ya taarifa ya habari ya nusu saa kuna mwandishi aliyepanda matatu hadi Lodwar, mpiga picha, mhariri na dereva. Nyuma ya tamthilia ya Kiswahili kuna waigizaji ambao wengi wao ni wanafunzi wetu wa juzi. Vituo visipopata riziki, vitaacha kuwaajiri na kununua tamthilia za kigeni zilizotiwa sauti, ambazo bei yake ni nafuu. Mwalimu wa Kiswahili anayewahimiza wanafunzi wake watazame vipindi vya lugha yao hawezi kulipuuza jambo hili. Hata hivyo, wenye vituo nao wakumbuke kwamba masafa waliyokuwa wakiyatumia hayakuwa shamba la babu zao. Yalikuwa mali ya umma, na waliyapata kwa ahadi ya kuutumikia umma.

Tusidhani kwamba sisi peke yetu ndio tuliofikwa na haya. Marekani imeishi na ugomvi huu kwa miongo mingi, na sheria yake inafaa kuchunguzwa kabla ya kuigwa. Huko, runinga ya waya ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 katika miji ya milimani, mathalani Pennsylvania, ambako mawimbi ya kawaida hayakufika. Kwa sheria ya mwaka 1992, kila baada ya miaka mitatu kituo cha utangazaji hupewa hiari ya kuchagua moja kati ya mawili. Kinaweza kudai kibebwe kwa lazima, lakini bila malipo. Au kinaweza kudai malipo, lakini mchukuzi naye ana uhuru wa kukikataa. Makampuni ya waya yaliishtaki kanuni ya kubeba kwa lazima hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1997 iliipitisha kwa majaji watano dhidi ya wanne.

Mpango huo una haki kwenye karatasi. Kituo kidogo hujilinda kwa kubebwa kwa lazima. Kituo kikubwa hujinadi. Shida huja pale wakubwa wawili wasipoafikiana bei. Agosti 2013, CBS ilitoweka kwa wateja wa Time Warner Cable katika miji kama New York, Los Angeles na Dallas kwa muda wa mwezi mzima. Mwaka 2023, chaneli za Disney ziliondolewa kwa wateja wa Charter, ambao walikuwa zaidi ya milioni 14, tangu 31 Agosti hadi 11 Septemba. Mwaka 2024 ikawa zamu ya DirecTV, na mwaka 2025 ikawa YouTube TV, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi 14 Novemba. Tazama vyema majira ya mizozo ya miaka hiyo mitatu. Haizuki katika majuma makavu. Huzuka msimu wa kandanda yao unapoanza au unapopamba moto, kwa sababu kiu ya mtazamaji ndiyo silaha ya kila upande. Mteja aliyekwisha lipa ada yake hugeuzwa mateka, na kila mtekaji humwambia apige simu amlaumu mwenzake.

Nchi jirani ya Tanzania ilikwenda njia iliyo kinyume na yetu. Mwaka 2018, mamlaka ya mawasiliano ya huko iliyaamuru makampuni ya setilaiti za kulipia yaziondoe chaneli za bure za nchini humo katika visimbuzi, kama wenzetu waviitavyo ving'amuzi, kwa hoja kwamba leseni zao haziyaruhusu kuzibeba. Nia ilikuwa njema: cha bure kisiuzwe. Lakini sheria njema huweza kumwangukia asiyekusudiwa. Aliyekaa mbali na milingoti ya ardhini, ambaye dishi ndilo lililokuwa dirisha lake pekee, alijikuta akizipata chaneli za ng'ambo na kuzikosa za kwao. Kwetu, mtu alikosa kwa sababu wakubwa waligombana. Kwao, alikosa kwa sababu mkubwa mmoja aliamuru. Nyasi ni zilezile.

Ipo hatari nyingine inayozidi ya ada na faida. Mizigo ya wengi inapokusanywa katika ghala moja, anayeshika ufunguo wa ghala huwa amezishika sauti zote. Tulilishuhudia hilo tarehe 30 Januari 2018, siku ya kile kilichoitwa kiapo cha Raila Odinga katika bustani ya Uhuru, serikali ilipozima Citizen, Inooro, NTV na KTN News. Mahakama Kuu iliamuru virejeshwe mara moja, lakini vilikaa siku kadhaa zaidi gizani. Kwa hiyo suala la nani ambebe nani halihusu kandanda na tamthilia pekee. Linahusu kifungu cha 34 cha Katiba kinachotaka utoaji wa leseni za utangazaji uwe huru, usitawaliwe na serikali, siasa wala biashara, na kifungu cha 35 kinachompa kila raia haki ya kupata habari.

Nionavyo mimi, yapo mambo manne yanayostahili kuwekwa katika sheria kwa maneno yasiyo na kona. Kwanza, kituo chochote kinachojiita cha bure kibaki wazi katika king'amuzi chochote kinachouzwa Kenya, hata ada ya mteja ikiisha. Na hilo liwe wajibu unaotekelezwa, wala si hisani ya kampuni. Pili, mchukuzi akibebe kituo hicho kama kilivyo, asikikate wala kukibandika matangazo yake, na asimtoze mtazamaji kwacho. Akitaka kukiuza, basi na amlipe mwenyewe. Tatu, pasiwe na upande unaoruhusiwa kuzima chaneli kwa sababu ya mzozo kabla ya kuwapa watazamaji ilani ya siku 30 na kabla mzozo huo haujasikizwa na mpatanishi, ambaye mbele yake watazamaji nao wawe na msemaji wao. Nne, chombo cha habari kinachoripoti kesi ambayo mmiliki wake ni mhusika kimweleze msomaji hivyo katika habari ileile, si pembeni kwa herufi za sisimizi.

Haya si mageni wala hayahitaji fedha nyingi. Katiba yetu, katika kifungu cha 46, tayari inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, pamoja na maelezo ya kumwezesha kuzifaidi. King'amuzi kinachofunga cha bure pamoja na cha kulipia hakina ubora huo. Mgomo wa chaneli usiotangazwa haumpi mnunuzi maelezo hayo.

Najua kuna watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa vijana sasa hutazama kila kitu kwenye simu. Kisa cha YouTube TV cha mwaka 2025 kinawajibu: mchukuzi alibadilika, waya ukawa intaneti, na ugomvi ukabaki uleule. Wanafunzi wetu watakapokuwa na nyumba zao, huenda pasiwe na mlingoti wala dishi juu ya paa. Lakini atakuwapo mwenye mzigo, atakuwapo mchukuzi, na kati yao atakuwapo mtu anayesubiri kujua yaliyotokea nchini mwake siku hiyo.

Kijana yule wa kidato cha tatu sikumjibu jioni ile. Namjibu leo. Kituo hicho kilifungwa, mwanangu, kwa sababu neno "bure" liliandikwa katika leseni ya mwenye mzigo, lakini hakuna aliyehakikisha kwamba linasomeka pia katika mkataba wa mchukuzi. Walioziandika karatasi hizo mbili walikutana mara nyingi, mahakamani na ofisini. Wewe hukualikwa. Shika kalamu yako, umwandikie mbunge wa eneo lako na Mamlaka ya Mawasiliano, umuulize kila mmoja swali lilelile uliloniuliza mlangoni. Lilikuwa swali zuri, na wao ndio wanaolipwa ili kulijibu.